Sarafu za Mlangoni

"Miezi minane! Mtu ana miezi minane tu mji huu, akiagiza samaki anaonyesha kwa kidole kama bubu, ndiye umempa mtoto?"

"Sijampa mtoto. Nimempa mshumaa wa ubatizo ashike."

"Usinichezee akili, Fermín."

"Nipe bisibisi."

"Sikupi."

"Corbin, niko juu ya ngazi, jua linanichoma kisogo, na bibi wa watu ndani anangoja ubaridi. Nipe bisibisi, we kima."

Corbin akampa, ila kwa kuirusha. Fermín akaidaka kwa mkono mmoja bila hata kugeuka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi miaka yote. Huyu juu ya ngazi, yule chini ameishikilia, matusi yanapanda na kushuka. Siku hiyo walikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya sita, kiyoyozi cha mama mmoja wa Kikanada kimefunguliwa tumbo, na mji wote wa Mazatlán chini yao unaungua.

Fermín ndiye fundi. Corbin alikuwa mdomo. Wazee wa kutoka kaskazini waliojaza maghorofa ya ufukweni, kiyoyozi kikiwafia, walimpigia simu Corbin kwa sababu anaongea lugha yao. Kwao Corbin ni Nebraska, kusiko na bahari hata ya kuchora. Shule aliiacha ana miaka kumi na sita, akaja Mazatlán ana kumi na tisa, kwa wiki mbili tu. Sasa alikuwa na ishirini na saba na zile wiki mbili hazijaisha.

"Nani alikubeba mgongoni siku ulipopigwa na shoti?" akauliza Corbin.

"Wewe."

"Nani alilala kwenye benchi la hospitali mkeo Azucena akijifungua, wewe uko mji wa Culiacán unafuata kompresa ya kiyoyozi?"

"Wewe, wewe, wewe. Unataka nikuimbie?"

"Basi?"

"Basi padri anataka karatasi. Cheti cha ubatizo na cheti cha kipaimara. Unavyo?"

"Ningevipata."

"Wapi? Kwa yule mchonga mihuri wa nyuma ya soko? 'Mzee, nichongee Ukatoliki, nauhitaji leo jioni'?" Fermín akacheka peke yake huko juu. "Wewe hata kwenu hawajui kama ulinyunyiziwa maji ama bia. Huyo Benoît bibi yake kamlea kanisani. Ana kila karatasi. Sasa mimi nifanyeje?"

"Ungekuja kwangu kwanza. Ungeniuliza, halafu ndiyo ungesema karatasi."

Fermín akarudi kwenye skrubu zake, na kiyoyozi kikawaka, na yule mama akatoka na maji ya ndimu akiwashukuru kwa mikono yote miwili. Corbin hakunywa.

Mtu asiyeishi kule anaweza kuona ni makelele ya bure. Baba wa ubatizo, kwani nini? Unashika mshumaa, unapigwa picha, unakula, unakwenda zako. Thubutu! Kule maji yakishamwagika kichwani mwa mtoto, baba mzazi na baba wa ubatizo wanakuwa compadre. Majina yao ya zamani yanakufa. Wakikutana sokoni ni compadre, wakikopeshana nyundo ni compadre, hata wakitukanana wanatukanana kwa compadre. Ndugu wa tumbo moja unaweza kumfungia mlango mwaka mzima na watu wakakuelewa. Compadre ukimfungia, mtaa mzima unakusema. Kwa mtu aliyekuja bila mama, bila shangazi, bila hata binamu mlevi wa kumtia aibu, kuitwa compadre ndiko kupata kwao.

Na jambo hilo haliombwi. Ukiliomba umejivua nguo. Wanakujia wenyewe, mume na mke, Jumapili, wamevaa vizuri, wamebeba mkate mtamu au chupa, wanakaa, wanazungumza habari za joto mpaka unachoka, ndipo wanasema.

Kwa hiyo Corbin alingoja. Tangu tumbo la Azucena lilipoanza kuonekana alijua tu. Mtoto, Yareli, alipozaliwa, akaanza kujiandaa. Kila Jumapili alifagia chumba chake, akaazima viti viwili kwa jirani, akaweka bia kwenye barafu, akavaa shati lenye kola, akakaa. Jirani yake, mwuza korosho mmoja mzee aliyejaa maneno, akawa anapita dirishani: "Vipi kijana, leo wanakuja kukuchumbia?" Corbin anacheka. Jioni anarudisha viti.

Jumapili saba. Ya nane, simu ikalia.

"Corbin! Wamekuja kwangu!" Ilikuwa sauti ya Benoît, kwa lugha yao ya kaskazini. "Fermín na mkewe! Na mkate! Mimi nikadhani kiyoyozi kimevuja tena kwa jirani, nikaanza kuomba radhi. Kumbe wananitaka niwe baba wa ubatizo! Corbin, nililia. Mbele yao, nililia kama mjinga."

Corbin akavitazama vile viti viwili. Akasema, "Hongera," neno likatoka limekauka kama kaki.

Huyu Benoît alikuwa wa Quebec, miaka thelathini na moja, mrefu, mpole, anafanya kazi yake kwenye kompyuta na kuvaa kofia ya majani ambayo hata punda angeikataa. Kilichomla Corbin zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemleta. Kiyoyozi cha Benoît kilimmwagia maji kitandani, Corbin akaitwa, akaenda na Fermín. Baada ya kazi jamaa akawakaribisha kahawa, Fermín akamkaribisha kwao kula, Corbin akatafsiri. Ukaribisho mzima ulipita mdomoni mwake! Baada ya mwezi doña Chayo, mama yake Fermín, alikuwa anamsubiri Benoît Jumapili ambebee kiti cha kanisani. Baada ya miezi miwili mtoto akilia anapewa Benoît, ananyamaza. Corbin akipewa, mtoto anamkojolea. Watu wanacheka, naye anacheka, na moyoni kitu kinamtafuna polepole kama kutu kwenye bomba.

Na Kihispania cha huyo mtu! Corbin aliivunjia meno lugha hiyo miaka minane, akijifunza hadi matusi ya wavuvi. Benoît anatamka maneno matatu, mawili ya uongo, na Fermín anaanguka kwa kucheka na kumpiga bega. Corbin akisema sentensi nzima iliyonyooka, hakuna anayeshtuka. Kawaida tu.

Siku nne kabla ya ubatizo, Benoît alimkuta Corbin kwenye mkokoteni wa vyakula vya bahari, pale kona ya karakana ya akina Fermín. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri.

"Kaka, nisaidie. Wewe ndiye unayejua mambo ya hapa, mimi ni kipofu." Akasoma kama mwanafunzi. "Nguo nyeupe za mtoto, nimenunua. Mshumaa, ninao. Taulo dogo, ninalo. Kombe la kumwagia maji, ninalo, la fedha. Mafundisho ya padri, nimehudhuria yote mawili, sikuelewa kitu lakini nilikaa. Kuna kingine?"

Kilikuwepo. Sarafu.

Kila mtoto wa mji ule anajua. Ubatizo ukiisha, baba wa ubatizo anatoka mlangoni na mfuko wa sarafu, na watoto wote wa mtaa wanamngoja nje wakipiga kelele, naye anazirusha juu kwa konzi, wanagombania. Ni jambo dogo mno. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia Benoît. Azucena hakuliwaza, doña Chayo hakuliwaza, kama usivyowaza kumwambia mgeni avae suruali kabla ya kutoka. Lakini asiporusha, loo. Doña Chayo alishikilia kwamba mtoto ambaye mlangoni kwake hakikumwagwa kitu atakuwa mtu wa kukosa maisha yake yote.

Corbin akakamua ndimu juu ya tostada yake, chapati kavu ya mahindi iliyorundikwa samaki. Akakamua mpaka ganda likapasuka.

"Hapana," akasema. "Umemaliza."

"Kweli?"

"Ni hivyo tu, kaka. Nenda kalale."

Benoît akamkumbatia pale pale, mbele ya watu na sahani zao, akamlipia chakula na kuondoka na kofia yake mbaya. Corbin akabaki anatafuna. Mara ya kwanza tangu Jumapili ya nane, chakula kilikuwa na ladha.

Wazo la pili lilimjia usiku, kesho yake akalitekeleza. Akapita kwa mwuza chapati za mahindi, kwa dereva wa basi, kwa mwuza korosho, akibadilisha noti kuwa sarafu. Akanunua kifuko cha kitambaa cheupe chenye utepe, vile vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Aliiona siku ya ubatizo mbele yake kama sinema. Watoto wanapiga kelele, Benoît ameduwaa, familia imeinamisha vichwa. Kisha yeye anatoka nyuma, taratibu, hana haraka, anazirusha. Doña Chayo anashika kifua: huyu ndiye aliyepaswa kuwa! Fermín anamtazama. Fermín anaelewa. Karatasi za padri zitasema Benoît, lakini mtaa utasema Corbin. Na mtaa ndio wenye neno.

Jumamosi, saa sita mchana, kanisa lilikuwa limejaa familia nne zenye watoto wanne na feni mbili, moja mbovu. Corbin alisimama nyuma. Kifuko kilikuwa kizito mfukoni, suruali ikawa inamshuka upande mmoja, kila akipiga magoti analia kama kengele ya mbuzi, na kwa kuwa hakujua wakati wa kupiga magoti alichelewa kila mara na kulia peke yake. Bibi mmoja akamgeukia. "Una nini humo, mwanangu, viatu vya farasi?"

Mbele, Benoît alikuwa amemshika Yareli. Kavua kofia, kachana nywele, shati jeupe. Padri akamwaga maji, mtoto akakunja uso, akafikiria kulia, akamtazama Benoît, akaacha. Fermín akamwekea Benoît mkono begani na akauacha hapohapo. Corbin aliutazama mkono ule. Alikuwa ameubeba mwili wa mkono ule mgongoni, ghorofa tatu kwenda chini, ukinuka waya zilizoungua, na haukuwahi kukaa begani kwake muda wote huo.

Akasema moyoni: subiri. Subiri tutoke nje.

Wakatoka. Jua likawapiga usoni. Watoto walikuwepo, labda ishirini, wengine wameshika mapindo ya fulana kama vikapu.

"Rusha, baba! Rusha, baba wa ubatizo! Rusha!"

Benoît akatabasamu, akawapungia mkono kama askofu.

"Rusha! Rusha!"

"Wanasema nini?" akamuuliza Fermín. Fermín alikuwa anatabasamu naye, anangoja. Tabasamu likaanza kumkauka. Akamtazama Benoît mikononi, mfukoni, mikononi tena.

"Sarafu, compadre," akasema chini kwa chini. "Za watoto."

"Sarafu gani?"

Mtoto mmoja wa kike mwenye pengo akajipiga kiwiko. Kule ukimpigia mtu kiwiko umemwita bahili. Wa pili akajipiga. Mara ishirini wote wanajipiga viwiko na kuimba, "Bahili! Bahili! Bahili!" Watu wa familia zile nyingine wakageuka kutazama. Doña Chayo akamfunika Yareli uso kwa shali, kama anamkinga na mvua. Benoît akaanza kujipapasa mifuko, akatoa ufunguo, akatoa simu, akatoa noti moja, akaitazama asijue aifanyeje.

Hapo ndipo Corbin alipotoka nyuma.

Alifanya kama alivyopanga. Taratibu. Akafungua utepe, akachota konzi, akazitupa juu kabisa, zikawaka juani na kumwagika juu ya ngazi za kanisa. Watoto wakalipuka! Akachota tena, akazitupa kushoto, akazitupa kulia, akawachezesha, anajifanya anatupa asitupe, wanapiga mayowe. "Huyu ndiyo baba!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Baba, huku! Baba, mimi sijapata!" Watu wakaanza kucheka na kupiga makofi, hata wa familia nyingine. Kwa muda ambao mtu angemaliza soda, Corbin alikuwa nacho kila kitu alichokitaka duniani.

Kifuko kikaisha. Watoto wakatawanyika. Akageuka, ametokwa jasho, anacheka, na akakuta Azucena anakitazama kile kifuko.

Azucena alikuwa mshika hesabu wa kiwanda cha kamba waliogandishwa. Mwanamke mfupi, asiye na haraka.

"Kizuri," akasema. "Cha utepe. Umekinunua lini?"

"Hiki? Juzi. Jana."

"Sarafu zote hizo umezibadilisha juzi jana."

"Nilidhani tu. Nikasema ikitokea..."

"Ikitokea nini, Corbin?" Hakupandisha sauti. "Mtu hatembei na kilo mbili za sarafu kwenye ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Baba wa ubatizo ndiye anayezileta, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ulikuja nazo kwa sababu ulijua hana. Ulijuaje hana?"

Doña Chayo aliacha kumpepea mtoto. Fermín akamtazama mkewe, halafu Corbin. Corbin akafungua mdomo. Mdomo uleule uliokuwa ukimlisha miaka minane, siku hiyo haukuwa na kitu.

"Yeye aliambia mimi," akasema Benoît kwa Kihispania chake.

Wote wakamgeukia. Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya, lakini amesimama wima.

"Corbin aliambia mimi sarafu. Mimi sahau. Kichwa changu boga. Yeye alijua mimi ni boga, yeye alileta. Yeye rafiki mzuri. Kosa langu, compadre. Samahani, doña Chayo. Samahani, mtoto."

Na wakaamini! Corbin aliona waziwazi. Mabega ya Fermín yakashuka, doña Chayo akaguna na kumpiga Benoît kofi dogo la mkono, "Boga kweli wewe," na ndani ya kofi lile kulikuwa na mapenzi. Mtu alikuwa amedhalilishwa mbele ya mtaa mzima, na kwa sentensi chache mbovu alikuwa ameshajikusanya, amemwokoa mwenzake, na bado anapendwa. Angekaa kimya tu, Corbin. Angeinamisha kichwa, wangekwenda kula. Compadre hangekuwa, lakini angebaki Corbin.

Hakuweza. Si kwamba dhamira ilimshika, tusimpambe. Kijicho tu. Alitazama ule wema umekaa mikononi mwa Benoît kama alivyokaa mtoto, na akaona hawezi kumwachia na huo pia.

"Muongo!" akasema. "Anawadanganya. Sikumwambia. Alikuja na karatasi yake, akaniuliza kuna kingine, nikamwambia umemaliza. Nilijua! Nilitaka asimame hapo kama gogo. Nyinyi mnamwona malaika, ni muongo tu kama watu wengine!"

Yareli alipiga chafya ndani ya shali. Benoît akainama, akaanza kuokota ufunguo wake ulioanguka kwenye ngazi, akachukua muda mrefu kuliko ufunguo unavyohitaji.

Corbin akamtazama Fermín. Alingoja tusi. Alilitaka. Kima, mbwa, nguruwe, mwana wa fulani, lolote, hata ngumi. Katika miaka minane Fermín alikuwa amemwita kila mnyama wa nchi kavu na baharini, na baada ya kila mnyama waligawana bia.

Fermín akafuta viganja vyake kwenye suruali, kama anavyofanya akimaliza kazi na kabla hajampa mkono mwenye nyumba. Akaunyoosha. Corbin akaushika kwa sababu hakujua la kufanya.

"Bwana Corbin," akasema Fermín, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasalimia nayo wazee wa maghorofani. "Tunakushukuru sana kwa kufika. Chakula ni nyumbani kwa mama, saa tisa. Wageni wote mnakaribishwa."

"Fermín."

"Kutakuwa na nyama, na muziki kidogo. Ukipata nafasi."

"Fermín, acha hivyo. Nitukane."

Fermín akauachia mkono wake, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, akageuka na kushuka ngazi kuelekea kwenye gari.